Safari ya Kilwa na Bara ya Lindi: Kulala Salama Katika Nchi ya Simba



Mara nyingi tumewaletea habari za safari zenye furaha. Safari hii nayo ilikuwa na furaha, walakini ndani yake mna onyo, na onyo hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Baada ya Pasaka tulifunga safari, baba na mama na watoto 3, kwenda kumwamkia mjomba wetu akaaye bara ya Mchinga, katika mkoa wa Lindi. Mjomba amekuwa mzee, mgongo wake umechoka, na mahindi yake yalikuwa tayari kuvunwa. Tukasema, twende tukamsaidie, na watoto nao wapate kuijua nchi ya ukoo wao.

Kabla ya kuondoka, kijana wetu wa kwanza alikuwa akisoma kitabu cha habari za Marekani. Akatueleza jinsi watu wa huko, waendapo porini na watoto wao, wafundishwavyo kujilinda na dubu. Hawaweki chakula ndani ya hema wanamolala, bali hukifungia katika chombo kigumu au hukitundika mtini mbali nao. Hutembea pamoja wakisema kwa sauti, ili dubu asishtuke. Tena wamwonapo hawakimbii. Kijana akauliza, "Baba, na sisi kwetu tujilinde na nani?" Tukamjibu kwa mzaha ya kuwa dubu hatuna, twamjua tu katika habari za Daudi, aliyeua simba na dubu alipokuwa akichunga kondoo wa baba yake. Kijana akasema, "Basi kwetu amebaki simba." Tukacheka. Hatukujua ya kuwa kabla ya siku 7 kupita tungekikumbuka kicheko kile kwa aibu.

Kwanza tulifika Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani. Ni mwendo mfupi, lakini mtu avukapo huona kama ameingia katika zamani. Hapo alifika Ibn Battuta, msafiri wa Maroko, mwaka 1331, wakati mji ulipokuwa na nguvu kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Tuliona Msikiti Mkuu na kuba zake, tukaona jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linaloelekea bahari, tukaona na Gereza karibu na maji. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalihesabiwa kuwa hatarini, maana bahari na mvua zilikuwa zikiyala. Kazi ikafanywa, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ya hatari. Watoto walipenda zaidi kuhesabu matumbawe katika kuta.

Usiku ule tulilala kisiwani. Mwenyeji wetu aliuacha mlango wazi ili upepo uingie, na watoto wakatoka na kuingia kama kuku uani. Tulipomwuliza kama haogopi, alicheka, akasema, "Niogope nini, mwalimu? Bahari ndiyo boma letu." Neno hili tunaliandika kwa sababu tuliichukua desturi ya kisiwa tukaipeleka bara, na huko ndiko tulikokosa.

Kesho yake tulipita Kilwa Kivinje. Mji huu ulikuwa zamani mlango wa biashara ya watumwa, na misafara kutoka upande wa Nyasa iliishia hapa. Tuliwakumbusha watoto ya kuwa mwaka 1876 Askofu Steere aliwatoa Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakapanda kwa miguu mpaka Masasi, wakajenga kijiji cha Kikristo. Wazee wale walilala njiani wakiwa na moto na walinzi. Sisi wajukuu wao katika imani twapita nchi ile ile ndani ya basi, tukisinzia, na kwa hiyo twasahau ya kuwa nchi haijabadilika kama barabara ilivyobadilika.

Kutoka Nangurukuru barabara yaelekea kusini, yavuka mto Mbwemkuru, na kuteremka mpaka Mchinga. Upande wa kuume ni pori, vilima na mikorosho. Bara ya hapo ndipo ulipo mlima wa Tendaguru, ambapo toka mwaka 1909 hata 1913 Wadachi walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Mafundi na wapagazi walikuwa watu wa nchi hii, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, nao waliichukua mifupa kichwani mpaka Lindi, mwendo wa siku nyingi. Leo mifupa hiyo imesimamishwa Berlin.

Basi lilitushusha Mchinga saa 8 mchana. Ilitupasa kuendelea mara hiyo. Lakini tuliona samaki wazuri, tukasema tumnunulie mjomba. Tukakuta jamaa, tukanywa chai. Hata tulipopata pikipiki 3 za kutupeleka bara ilikuwa imekwisha kuwa saa 11. Jua lilituchwea njiani. Tulifika kwa mjomba watu wamekwisha ingia ndani, hapana mtu uani, hapana mtoto achezaye. Tulipiga hodi mara 3. Mjomba alifungua mlango amebeba taa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ingieni upesi. Habari za safari mtanipa ndani."

Tulipokwisha kula alitukaripia kwa upole. Akasema, "Mpwa wangu, wewe ni mtu uliyesoma. Hujui ya kuwa huu ndio wakati wa mavuno? Nimekutazamia toka adhuhuri. Ulipochelewa nilisema umelala Mchinga kama mtu mwenye akili." Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu.

Asubuhi watoto waliliona dungu la mjomba katikati ya shamba, limejengwa juu ya miti 4, limeezekwa nyasi. Wakaomba walale huko, wamsaidie babu kufukuza nguruwe. Sisi nasi tuliona ni jambo zuri, tukasema tutalala nao, tuwashe moto, tuimbe. Mjomba akatikisa kichwa. Akatuita chini ya mkorosho, akamwita na mwalimu wa kanisa la kijiji, nao wakatueleza mambo ambayo tunayaandika hapa kwa faida ya wote.

Nguruwe mwitu ndiye mwanzo wa shari. Mahali ambapo swala, pofu na nyati wamekwisha kwa kuwindwa na kwa mapori kukatwa, nguruwe hubaki, maana yeye hula mazao ya watu na huzaa sana. Mahindi yanapokomaa nguruwe huingia mashambani usiku, na simba humfuata nguruwe. Mwenye shamba naye huja kulala shambani ili kulilinda. Hivyo watu, nguruwe na simba hukutana usiku mmoja mahali pamoja, na aliye mnyonge kuliko wote ni mtu aliyelala.

Mambo haya yamechunguzwa pia na wataalamu. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, akina Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walitoa hesabu ya kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kujeruhi zaidi ya 308. Sehemu kubwa ya misiba hiyo ilikuwa kusini, katika pwani ya Lindi na Mtwara na Rufiji, nayo ilizidi katika miezi ya mavuno, Machi hata Mei. Uchunguzi wa baadaye katika Rufiji na Lindi ulionyesha ya kuwa waliopatwa zaidi ni maskini: watu wenye nyumba dhaifu, wanaokwenda mbali kwa miguu kutafuta maji na kuni, na wanaolala nje usiku mwingi kulinda mazao.

Mwalimu akaongeza jambo ambalo hatukupata kulifikiri. Wataalamu hao, walipolinganisha saa na siku za misiba mingi, waliona ya kuwa watu wengi hushambuliwa mapema usiku, tangu saa 12 jioni mpaka karibu saa 4, na hatari huzidi katika siku 10 zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Mwezi ukiwa mpevu usiku wote hung'aa, na simba hukosa mawindo kwa kuwa anaonekana. Siku zinazofuata mwezi hukawia kutoka, kila siku zaidi, na saa za kwanza za usiku huwa giza. Simba ana njaa, na watu bado wako nje.

"Basi, mwalimu mwenzangu," akasema, "fikiri. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Tena huwa Machi au Aprili, wakati wa mavuno. Juma letu la furaha kuu, ambalo watu hutembeleana na kuimba mpaka usiku, ni juma ambalo giza la jioni huanza kurudi na mahindi yako shambani. Kwa hiyo hapa kwetu sala ya jioni katika juma la Pasaka huanza saa 9, na jua likiwapo bado kila mtu yuko kwake."

Tulistaajabu. Tumeadhimisha Pasaka maisha yetu yote, tumewafundisha wengine hesabu ya siku yake, nasi hatukupata kuona neno hili.

Twasema kweli, mafundisho haya yalitosha. Lakini moyo wa mtu ni mzito. Jioni ya siku ile, kama saa 1 usiku, tulikuwa sebuleni tukiimba. Mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka 6, alimnong'oneza mama yake ya kuwa ataka kwenda chooni. Choo cha mjomba kiko nje, hatua kama 30 nyuma ya nyumba, karibu na shamba. Mama alikuwa akimpangusa mwenzake, baba alikuwa akitafuta ukurasa. Tukamwambia, "Nenda, urudi upesi." Tulisema kama tulivyosema kisiwani. Naye akaenda, peke yake, gizani.

Mkaza mjomba alikuwa jikoni. Alipoingia alihesabu watoto kwa macho, kama ilivyo desturi yake kila jioni, akauliza, "Mdogo yuko wapi?" Tulipojibu, hakusema neno. Alitwaa kijinga cha moto kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono wa pili. Mjomba akatwaa mkuki na kurunzi. Nasi tukatoka nyuma yao tukipiga madebe na kupaza sauti. Katika zile hatua 30 tulisali sala fupi kuliko zote tulizopata kusali. Tulimkuta mtoto mlangoni pa choo, amesimama, hataki kusogea. Akasema, "Mama, nguruwe walikuwa wanakimbia, halafu wakanyamaza." Tukambeba, tukarudi ndani, mjomba akatia komeo. Usiku ule hatukuimba tena.

Asubuhi mjomba alituchukua kutazama. Kando ya shamba palikuwa na nyayo nyingi za nguruwe zilizochimbua udongo. Na juu ya nyayo hizo, zikizikanyaga, palikuwa na nyayo za simba mmoja, pana kama sahani ndogo, hazina alama ya kucha. Tulipima kwa miguu kutoka hapo mpaka chooni: hatua 44. Mjomba alituacha tusimame pale muda mrefu. Hakutukaripia mara ya pili.

Habari hizo zikaenea kijijini, na kabla ya adhuhuri tulisikia maneno mengine: ya kuwa simba huyu si simba wa kweli, bali ametumwa na mtu, tena jina la mtu likaanza kunong'onwa. Ndipo mzee mmoja, jirani wa mjomba, alipokuja na kuomba kusema. Alisema katika miaka ile ya misiba mkewe aliuawa na simba akirudi kisimani. Watu wakaenda kwa mganga, naye akamtaja mjane mmoja mzee, asiye na mtoto. "Tulimvunjia nyumba," akasema, "tukamfukuza, na mimi nilikuwa wa kwanza, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa unawaka. Juma lile lile simba akaja tena, akamchukua kijana dunguni. Yule mama hakurudi. Simba alimla mke wangu mara moja. Lakini mama yule namwona kila nikilala."

Tuliondoka hapo tumenyamaza. Wakristo wenzetu, jambo hili si la kijiji kimoja. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu wengi, na kwa shaka ya uchawi watu wakawaua wenzao. Na katika Rufiji simba mmoja aliua watu wapatao 35. Alipouawa Aprili 2004 alionekana ana jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Si kila simba mla watu ni mgonjwa, lakini kila mmoja ni mnyama, mwenye njaa ya mnyama, afuataye nguruwe na giza. Amwitaye simba mchawi amemwacha simba porini na kumshika jirani yake. Na shari imekuwa mbili.

Basi tunaandika hapa shauri tulilopewa, ili akina baba na akina mama walisome na watoto wao.

Kwanza, safari ya bara ianze asubuhi. Mtu akikawia, alale palipo na watu; samaki na chai havina thamani ya roho ya mtoto.

Pili, jua linapotua watoto wawe ndani, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwahesabu. Wakati wa mavuno, na hasa siku 10 baada ya mwezi mpevu, desturi hii isivunjwe hata kwa sikukuu.

Tatu, choo kiwe karibu na nyumba, na njia yake ifyekwe. Usiku mtoto asiende peke yake. Awekewe chombo ndani. Hili si aibu.

Nne, mlango uwe wa mbao na komeo, wala si wa mabua wala wa mkeka. Ukuta uwe mzima na paa imara, maana simba wamepata kuwatoa watu ndani ya vibanda dhaifu.

Tano, mashamba yawe pamoja, si moja hapa na moja kule, ili watu wayalinde kwa zamu, wawe wengi na wenye moto. Afadhali kuchimba handaki kuzunguka mashamba, au kuzungusha ua imara, nguruwe asiingie. Maana amzuiaye nguruwe amemzuia na simba. Mwenye lazima ya kulala shambani ajenge dungu refu, lenye kuta na mlango, wala watoto wasilale humo. Mahindi na mabaki ya chakula yasiachwe karibu na malazi. Hapa watu wa dubu na watu wa simba wanapatana.

Sita, watu waendao kisimani, kwenye kuni au shuleni waende kwa kundi, wakisema kwa sauti. Walimu wa shule wawape ruhusa mapema watoto wa mbali, nao watoke pamoja.

Saba, ukikutana na simba usikimbie, wala usiiname. Simama wima, mtazame, mweke mtoto nyuma yako au mbebe, paza sauti, rudi nyuma polepole. Simba aliyejeruhiwa asifuatwe na watu wasio na kazi hiyo. Habari ipelekwe mara moja kwa serikali ya kijiji na kwa askari wa wanyamapori. Waliopatwa na msiba wajue pia ya kuwa sheria imeweka kifuta machozi, nao waandikishe habari zao mapema.

Tulikaa kwa mjomba siku 9, tukamaliza kuvuna mahindi. Kabla hatujaondoka tuliacha fedha kidogo, na kijana wetu akamsaidia babu yake kujenga choo kipya, hatua 6 kutoka mlango wa nyuma. Mwalimu wa kanisa alisema kuwa kuhusu usalama, mahubiri yake yote ya mwaka hayajafanya kazi kama choo kile.

Wako watu watakaosema, Je, haitoshi kumwomba Mungu? Tukumbuke wale waliojenga ukuta wa Yerusalemu siku za Nehemia: walimwomba Mungu, na pia waliweka walinzi mchana na usiku. Sisi tulikuwa tukiimba tenzi za Mungu wakati tulipomwachia mtoto kwenda gizani. Na Mungu kwa rehema zake alimwamsha mama mmoja ahesabu watoto. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu, sala ya jioni haianzi mpaka watoto wote wamehesabiwa. Twawasihi nanyi mfanye hivyo.